Ringi ya Vipande Sita

Kwa Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nakuulizia hali yako, magoti yako, na shemeji na kile kifua chake kinachomsumbua kila baridi ikiingia. Natumaini barua hii inawakuta mmeamka salama na chai iko mezani. Kwa upande wangu sijambo. Nakula, nalala, na miguu inanifikisha ninakotaka. Barua yako niliipata Jumatatu. Niliisoma mara moja nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena, maana mara ya kwanza nilidhani macho yananidanganya.

Umeniandikia kwamba habari zimekufikia: kwamba mdogo wako, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, huonekana nyuma ya hospitali anayofanyia kazi akizungusha kiuno ndani ya ringi kama mtoto wa shule, wafanyakazi wakimtazama na wagonjwa wakimtazama. Umesema umeona aibu mpaka umeshindwa kwenda kwenye kikao chenu cha akina mama. Na mwisho ukaandika kwamba chumba ulichoniandalia kipo, kitanda kipo, pazia umeshatundika, lakini nikistaafu nikaja kwako, nije bila hilo dude.

Dada, wewe ndiye uliyenilea. Ulinifundisha kushika sindano kabla sijajua kushika kalamu. Kwa hiyo sitakujibu kwa mkato. Nitakueleza tangu mwanzo, nawe usome mpaka mwisho, usiishie katikati ukamwita shemeji.

Chumba changu cha kazi ulikiona ulipokuja: cherehani mbili, moja mbovu, rundo la mashuka, na dirisha linalotazama uwanja wa kuanikia. Kila shuka linalochanika hospitali nzima hupita mikononi mwangu, na kwa miaka thelathini na moja nimeshonea kwenye stuli ile ile. Mwaka jana wodi ya watoto ililetewa mfuko mkubwa wa vitu vya kuchezea. Mfuko ulikuwa umechanika, wakaniletea niushone. Ndani mlikuwa na ringi nyekundu ya plastiki, nyepesi, ya kuzungusha kiunoni. Ilikuwa saa ya chakula, wenzangu wametoka. Sijui nini kilinipata. Nilifunga mlango, nikaitia kiunoni, nikajitikisa. Ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Ule mfuko ulitakiwa urudi siku ile ile, lakini nilisema uzi wa rangi yake umeniishia, nikakaa nao siku tisa. Siku ya tisa ringi ilizunguka mara kumi na moja bila kugusa sakafu, nami nikajisikia nacheka, peke yangu, kwa sauti, mpaka dobi mmoja akagonga mlango kuuliza kama nimepatwa na jambo.

Mfuko nikaurudisha, lakini sikupata raha. Nilikuwa nikishona najikuta kiuno kinaenda chenyewe juu ya stuli. Jumamosi nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikaomba bomba jeusi la maji, lile laini linalouzwa limeviringishwa. Muuzaji akaniuliza napeleka maji wapi. Nikamwambia sipeleki maji popote, nataka mita tatu na kidogo. Akauliza tena, tanki liko wapi. Nikamwambia tanki ni mimi. Akapima, akakata.

Nyumbani nikajipima, kwa sababu ringi ya mtu mzima ikisimama chini inafaa ifike kitovuni. Nikachemsha maji, nikatumbukiza ncha za bomba mpaka zikalainika, nikazishindilia kwenye kipande kifupi cha bomba jembamba zaidi, na zilipopoa zikabana. Juu yake nikazungushia utepe wa kitambaa kutoka kwenye gauni langu kuukuu, maana plastiki tupu huteleza kiunoni kama sabuni.

Ringi ilikuwa nzuri, ila pa kuizungushia hapakuwapo. Chumba changu unakijua, ukifungua kabati unagonga kitanda. Palibaki uwanja wa kuanikia, saa ya chakula. Kondakta wa basi akaikataa, akasema huyo ni abiria wa pili. Nikatembea saa nzima nikiwa nimeivaa begani, na getini mlinzi akanizuia, akasema daftari lake halina mahali pa kuandika kitu kama kile. Nikaiacha kibandani kwake, jioni nikarudi nayo kwa miguu. Njiani ndipo nilipoamua kwamba lazima ikatwe, iingie kwenye mkoba wangu wa kazini pamoja na mkasi na futi.

Kukata kulikuwa rahisi. Kwa msumeno wa chuma nilipata vipande sita, kila kimoja kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mwisho wa kila kipande nikaweka kiungo cha lile bomba jembamba ili kiingie ndani ya mwenzake. Kazi ilikuwa kuvifanya vibaki vimeshikana. Siku ya kwanza ringi ilizunguka mara nne, ya tano ikafumuka hewani; kipande kimoja kikagonga ndoo ya dobi, kingine kikanasa kwenye kamba ya mashuka. Nikajaribu kwa fani yangu: nikapitisha mpira wa kiuno cha sketi ndani ya vipande vyote na kuukaza. Ukavumilia wiki moja, kisha ukalegea, ringi ikawa umbo la yai.

Aliyenitoa kwenye shida hiyo ni fundi wa matengenezo wa hospitali, yule mrefu tunayemwita Koleo. Nilimkuta nyuma ya stoo akirundika magongo ya chuma ya wagonjwa wa miguu, yaliyopinda na kuvunjika, yakisubiri kutupwa. Gongo lile, Dada, hurefushwa na kufupishwa kwa kubonyeza kitufe kidogo chenye springi. Kitufe kikishachomoza kwenye tundu lake, hata mtu mzito akiegemea, gongo halisogei. Nilisimama pale nikabonyeza na kuachia, nikabonyeza na kuachia. Koleo akaniuliza natafuta nini, nikamwambia nimeshakipata. Akanitolea vitufe sita na springi zake, akanitobolea matundu kwa drili. Tangu siku hiyo ringi yangu inaungana kwa milio sita midogo, na ikishaungana hata watu wawili wakiivuta haiachani. Ikifunguliwa inalala ndani ya mkoba na hakuna anayejua nimebeba nini.

Nikawa nazungusha kila siku saa ya chakula, katikati ya kamba za mashuka. Madirisha ya wodi ya wanawake waliovunjika mifupa yanatazama pale. Wale ni watu wanaolala mgongo chini mwezi, miezi miwili, mguu juu. Walianza kwa kunicheka. Kisha wakaanza kunihesabia. Mmoja anaanza, wengine wanadakia, na siku moja walifika mia moja na arobaini mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. Watu walipouliza ninafanya nini, niliwaambia mgongo unaniuma kwa sababu ya kukaa, na nimeshauriwa mazoezi. Hata wewe nilikuandikia hivyo, ukanihurumia, ukanitumia chupa za dawa ya kuchua. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini akasema ni jambo zuri sana kwa mgongo, na watu wakanyamaza.

Asiyenyamaza alikuwa mtunza stoo. Kelele za kuhesabu zilimkera tangu mwanzo. Aliposikia vitufe vimetoka kwenye magongo, akaandika kwamba nimeiba mali ya hospitali na kuiharibu. Nikaitwa ofisini, mbele ya katibu wa hospitali, Metroni ambaye ni mkuu wa wauguzi, na mtunza stoo mwenyewe. Ringi ilikuwa mezani, vipande sita vimepangwa kama ushahidi wa mauaji. Katibu akaniuliza nani alinipa vitufe. Nikasema nilipewa kutoka kwenye rundo la kutupwa, mchana kweupe, na jina silitaji. Koleo bado ana miaka mingi ya kazi na watoto wadogo, sikutaka kumwingiza. Kumbe alikuwa nje, anajifanya anatengeneza kitasa cha mlango ule ule. Akaingia na bisibisi mkononi, akasema vitufe alivitoa yeye, na kwamba kama kuchukua kitu kwenye takataka ni wizi, basi nusu ya mabomba ya hospitali ile ni ya wizi, maana ndiko anakookotea vipuri. Katibu akakohoa, akamwambia arudi kwenye kitasa chake.

Metroni ni mtu mzuri, na alitaka kunisaidia. Akasema mtaalamu wa viungo yuko tayari kuandika kwamba ringi ni kifaa cha tiba, kwamba niliitengeneza kwa ajili ya mgongo wangu, na faili litafungwa. Karatasi ilikuwa imeshaandikwa. Akanisogezea kalamu.

"Weka sahihi tu hapa kwamba ni tiba," akasema, "tuyamalize."

Dada, niliishika ile kalamu. Nilikuwa nimebakiza wiki tano tu kazini. Kisha nikatazama dirishani nikaona kamba za mashuka, nikaiweka chini.

"Mgongo wangu ni mzima, Metroni," nikamwambia. "Haujawahi kuuma hata siku moja. Nazungusha kwa sababu napenda."

Umesoma vizuri, Dada. Mgongo wangu hauumi. Nilikudanganya mwaka mzima. Chupa ya kwanza ya dawa yako nilimpa jirani anayebeba mizigo, na nyingine mbili ziko chini ya kitanda, hazijafunguliwa. Kwa uongo huo nakuomba radhi, kwa sababu najua ulikuwa ukinihurumia kweli, na huruma yako niliila bure. Lakini kwa kuzungusha ringi siombi radhi, si kwako, si kwa mtunza stoo, si kwa kikao cha akina mama.

Nimejiuliza kwa nini nilidanganya. Naona ni kwa sababu kwetu mwanamke huruhusiwa kuuacha mwili wake ufanye unalotaka pale tu unapoumwa. Wewe mwenyewe, mara ya mwisho nilipokuona umekaa mchana bila kitu mkononi ni ulipovunjika kifundo cha mguu. Ulikaa kibarazani siku ishirini, na ulikuwa ukiimba. Sijakusikia ukiimba tangu hapo. Nami nilitaka kufurahi kabla sijavunjika kitu.

Mwisho wa mambo ulikuwa hivi. Walinipa onyo la maandishi na kunikataza kuzungusha ringi ndani ya eneo la hospitali. Kwenye barua ya onyo waliandika neno wizi. Nilikataa kuweka sahihi mpaka likafutwa, na nilikaa kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi hadi saa nane wakalifuta. Sherehe ya kuniaga haikufanyika. Keki ilikuwa imeshatajwa, ikasahaulika.

Ijumaa iliyopita ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho. Nilikabidhi funguo, nikafunika cherehani, nikatoka getini. Nilipofika ng'ambo ya barabara nikafungua mkoba, nikaunganisha vipande vyangu kimoja kimoja, nikageukia madirisha ya wodi ya wanawake, yale ya upande wa pili yanayotazama barabara. Mlinzi akaja mbio mpaka kwenye kizuizi chake, akasimama, akatazama mstari wa geti na mahali niliposimama, akasema huko si kwake. Nikaanza. Nilidhani wale wanawake hawataniona, lakini mmoja akaanza kuhesabu, wengine wakadakia. Walifika mia tatu na sita, Dada, na ilipoanguka ni mimi niliyeiachia, maana nilikuwa nalia na sikuona vizuri.

Sasa nijibu suala la chumba. Nakushukuru kwa kitanda na kwa pazia, na najua umelitundika mwenyewe na magoti yako yale. Ila siji kuishi. Nimeshamwambia mwenye nyumba kwamba naendelea kukaa hapa. Cherehani yangu ya nyumbani inafanya kazi, na madobi wawili wameniomba niwatengenezee ringi za kukunja kama yangu. Koleo anatafuta vitufe. Siwezi kuja kuishi mahali ambapo itanibidi niumwe ndipo niruhusiwe kucheka, hata kama mwenye mahali hapo ni mtu ninayempenda kuliko wote.

Kuja kukusalimia nakuja. Basi langu ni la Jumamosi ijayo, nitakaa siku nne. Nitakusaidia kupura maharage, nitashona chochote kilichochanika, na jioni tutazungumza kama zamani. Ringi itakuwa kwenye mkoba, na sitaificha. Ule uwanja wenu kati ya jiko na banda la kuku unatosha. Nitazungusha asubuhi, jua likiwa limeshatoka, watu wanapita njiani. Kama utaona aibu, funga dirisha la upande ule. Mimi sitakasirika, ila nitakuwa nje.

Mpe shemeji salamu zangu, mwambie afunike kifua. Wapwa zangu wote wasalimie mmoja mmoja kwa majina, na huyo mjukuu mpya mbusu kisigino kwa niaba yangu. Wala usihangaike kuniandikia nisije, kwa sababu barua hiyo itafika hapa mimi nikiwa nimeshapanda basi.

Ni mimi mdogo wako, mzima wa mgongo na wa kila kitu,

Kitindamimba wa mama yetu