Vitabu vya Nchi ya Chini ya Ziwa

Jumapili, 23 Machi 2025

Misa, halafu kufua. Leo ndiyo nimefungua sanduku la baba, mara ya kwanza tangu tumzike Januari. Chini kabisa, chini ya makoti — vile vitabu vitatu vya nchi ya chini ya ziwa! Nilidhani alivichoma. Mimi na mdogo wangu Klementi tulivisoma mpaka majalada yakang'oka. Yeye ndiye aliyeigiza sauti ya mamba mwenye miwani. Nimecheka, kisha nikaona hakuna wa kumsimulia.

Jumanne, 25 Machi

Nimemaliza cha kwanza. Utotoni nilisoma kwa ajili ya mamba. Sasa mimi ni msoma masomo kanisani, naona mengine. Dada mtu anamsindikiza mdogo wake mpaka ukingoni. Mdogo anazama kwenda nchi ile, dada anarudi nyumbani kula. Ukurasa mzima anakula. Sikuwahi kuuona.

Theresia wa jumuiya alipita kuchukua ungo wake, akaviona mezani. Akasema vitabu vya mazimwi havifai Kwaresima, nisome Zaburi. Nikaitikia. Alipoondoka nikafungua cha pili.

Ijumaa, 28 Machi

Njia ya Msalaba. Cha pili na cha tatu vimekwisha. Nilikumbuka vibaya. Miaka yote nilidhani yule mdogo aliibwa. Hakuibwa. Alipapenda kule, akaoa kule, wakamtunza vizuri. Aliyemfungia mlango wa nyumbani ni dada.

Chai imepoa.

Miaka tisa sasa. Klementi alimwoa Amina wa Nangurukuru, akasilimu, akawa Abdulwahab. Baba, katekista, akasema asitajwe nyumba hii. Sikumtaja. Alinipigia mara mbili, sikupokea. Hata msiba wa baba nilimwachia binamu yetu Alex ampe habari — baada ya mazishi. Nami nikaenda kupokea Komunyo Jumapili ileile.

Jumapili, 30 Machi

Injili ya mwana mpotevu. Padri kahubiri juu ya kijana aliyerudi. Mimi nilimfikiria kaka yake, anayesikia ngoma ndani na hataki kuingia. Siku zote nilijua aliye mbali ni Klementi.

Namba ninayo. Sikupiga. Nikipiga anaweza kukata.

Jioni wametangaza mwezi umeonekana. Idi kesho.

Jumatatu, 31 Machi

Nangurukuru, saa nane mchana. Nimeondoka Rutamba alfajiri. Njiani nimesali Rozari. Baba sikumwomba ruhusa. Stendi nikauliza kwa Abdulwahab, nikaelekezwa. Naandika hapa, sebuleni kwake.

Amina kanitazama kidogo tu. "Karibu, wifi." Sikuwa nimejitambulisha.

Binti yao Nusaiba, miaka saba, gauni jipya. "Shikamoo shangazi." Nimeitikia marahaba. Nani alimwambia kwamba nipo?

Baba yake alikuwa mji wa Masoko, kuwapa wazee mkono wa Idi. Amina kampigia. Nimesikia upande mmoja: "Dada yako yupo hapa… Stefania, ndiyo… Upo?" Akasubiri sana. Akashusha simu. Nikauliza kama amekata. Akasema hapana, alinyamaza tu mpaka salio likaisha.

Saa nzima imepita. Wageni wawili wamekuja, wamekula, wameondoka. Amina kasema nikae.

Pikipiki imezimwa nje. Nusaiba kakimbia. Makubadhi yanavuliwa mlangoni, moja, la pili. Ni yeye. Sijui nisimame au —