Maneno Kumi na Mawili Badala ya "Nice"

Gazi, Jumanne, 1998

Na yote haya ni kwa sababu ya neno moja la Kiingereza! Meneja wetu wa hotelini Diani amechoka kutusikia sisi weita tukisema samaki "nice", bahari "nice", mvua "nice". Ametupa karatasi ya maneno kumi na mawili ya kutumia badala yake. Atakayeteleza akalitamka tena ataosha masufuria.

Nimeyakariri hata kwenye matanga ya nyanya yangu.

Leo asubuhi mama mmoja wa Kizungu, mpole kweli, aliniuliza habari za nyumbani. Sasa, mtu akikuuliza hivyo, unaanza na njema, ndipo unaeleza msiba. Ndivyo tulivyolelewa. Nikamjibu kwa neno la karatasini, la kusifu kitu kizuri ajabu: "Magnificent, madam. Ila nyanya tulimzika Jumamosi."

Kijiko kilimponyoka. Akaenda moja kwa moja kwa meneja.

"Kwenu mtu akifa ni magnificent?" meneja akanifokea. Yeye ni mtu wa bara, hajui salamu zetu.

"Hapana, bwana. Lakini 'nice' umetukataza."

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nimefika nyumbani, nimemwamkia mama shikamoo, naye akaniuliza habari za kazi.

"Njema, mama. Ila kuanzia kesho ninaosha masufuria."