Kitambaa Juu ya Seva ya Marehemu

Shangazi wetu wa ukurasa huu, nakusalimu sana, na wote wa nyumbani wanakusalimu: mama mkwe wangu ambaye macho yamemchoka lakini kila juma lazima asomewe majibu yako, wifi yangu anayekucheka hadharani na kukusoma kwa siri, binti yangu mkubwa na mumewe, wajukuu wangu mapacha, mdogo wake binti huyo ambaye ndiye sababu ya barua hii, na hata seva inakusalimu, maana nayo tunaihesabu kuwa mtu wa nyumba hii. Sisi wazima, ila mimi moyo hautulii.

Seva, shangazi, kama huijui, ni kompyuta isiyo na kioo, inakaa peke yake ikifanya kazi bila kuzimwa, na hii yetu inatunza kadi zote za wagonjwa wa zahanati tuliyopakana nayo ukuta, nani anatumia dawa gani, mtoto yupi kachanjwa na yupi bado. Marehemu mume wangu ndiye aliyeipangia kazi zake zote, na chumba cha zahanati kilipoanza kuvuja akaihamishia stoo kwetu, akapitisha waya dirishani, akasema itakaa kwa muda tu, kisha yeye akatangulia na yenyewe ikabaki. Mimi sikusoma sana lakini kutunza najua, nafagia, napangusa, na nimeifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, nikaifunika juu mpaka ubavuni.

Sasa binti yangu mdogo, aliyerithi ufundi wa baba yake, anasema seva imezeeka, vipuri vyake havipatikani tena, ikizimika siku moja huenda isiamke na kadi za watu zipotee, kwa hiyo anataka Jumamosi ahamishie kila kitu kwenye mashine mpya ya zahanati halafu hii aizime. Nimemwambia ufunguo wa stoo sijui nimeuweka wapi, naye anaiona kamba yake shingoni mwangu. Akaniuliza, "Mama, unalinda bati au unamlinda Baba?" Nikamwambia, "Msomi ni wewe, jijibu mwenyewe." Akalia, nami nikalia, wifi akapita na ndoo akasema, "Haya, mke wa bati, jikoni kunaungua."

Mwenzio sioni bati, shangazi. Karani wa kadi aliniambia kila asubuhi akiwasha kompyuta yake, kabla ya kitu chochote yanatokea maneno aliyoandika mume wangu: "Aliye mbele yako anaumwa. Msalimie kwanza." Wakiizima nani atasema hivyo tena? Na ule uvumaji wake, nikiwa napika nausikia ukutani, naona kama bado yumo mle anahangaika na nyaya zake, nakaribia kumwita aje kula.

Tena siku hizi inavuma kwa nguvu na ubavu wake una joto kama la homa, naona imeshajua inataka kuzimwa, nami nimeiongezea kitambaa cha pili vumbi lisiisumbue. Kabla sijaficha ufunguo, binti akiingia alikuwa anakivua, akiondoka nakirudisha, naona kama nimeacha mtu uchi. Sitaki wagonjwa wadhurike, wala sitaki kuzika mara ya pili. Nijibu upesi, shangazi, hata kwa mstari mmoja, Jumamosi haiko mbali.

Mama wa Stoo

*

Mama wa Stoo, weka gazeti chini, nenda kavue vitambaa hivyo, vyote viwili. Nakusubiri.

Umerudi? Sasa tuzungumze. Seva haioni aibu, dada yangu. Inapumua kwa matundu ya ubavuni, na wewe umeyaziba kwa maua. Inavuma kwa sababu inaungua. Ulikuwa unaiua kwa mapenzi, na ingeondoka na kadi za watoto wa watu kabla binti yako hajaigusa. Usijipige kifua, ila usirudie.

Nimemuuliza fundi wa kompyuta wa hapa gazetini, akasema kuhamisha ni kunakili. Binti atanakili kila kitu, ya zamani iendelee na kazi, mpya ifanye kazi kando yake, karani alinganishe kadi za wagonjwa huku na huku. Zikilingana, ndipo ya zamani izimwe. Mwambie binti Jumamosi anakili tu, kuzima kusubiri.

Pole sana kwa mumeo. Lakini soma barua yako mwenyewe: yeye ndiye aliyesema itakaa kwa muda tu. Kazi yake aliwafanyia wale wa kwenye foleni. Ukiung'ang'ania ufunguo, unamfungia yeye stoo.

Maneno yake yanahamishika. Mpe binti sharti moja: yaleyale, bila kupunguza hata nukta, yawe ya kwanza kutokea kwenye mashine mpya. Siku ya kwanza nenda zahanati ukapange foleni kama wengine, usikie kama karani anakusalimu kabla ya kuuliza jina. Asipokusalimu mgombeze, sema nimekutuma mimi.

Ule uvumaji siwezi kukurudishia. Ukuta utanyamaza, na utauma. Siku hiyo usipike peke yako, mwite wifi yako, na mdomo wake hivyohivyo.

Vua kamba shingoni. Ufunguo mpe binti leo, usingoje Jumamosi, joto hilo halina subira. Vitambaa vifue, uvipige pasi, uviweke. Siku seva itakapozimwa na kupoa kabisa, ifunike. Hapo havitaidhuru tena.

Shangazi