Mluzi Uliokuwa Chini ya Kwaya

Kilungu, Desemba 1995. Huu ni mwaka wa ishirini na nane tangu nitoke Kyuso.

Omari, ndugu yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, kama tulivyozoea tangu ulipojifunza kuandika nyuma ya duka la baba yako. Kikamba chetu kilikuwa cha kukaa pamoja na kucheka, Kiswahili kikawa cha stempu. Barua hii haina stempu. Lakini mkono umezoea, na kuna habari ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu. Kanda imepatikana. Si ile ya kwaya. Ile yenyewe.

Kwanza habari za hapa. Goti langu ni lile lile. Mvua ya Novemba imenyesha mfululizo, na njia ya kuteremka kwa jirani imekuwa utelezi mtupu, kwa hiyo ananipigia kelele kutoka ng'ambo badala ya kuja. Michungwa niliyoipanda na marehemu mke wangu inazaa kuliko inavyoliwa. Huko kwako Kyuso, Zainabu, kitinda mimba wako, anasema ndengu zimechanua na mama yake, Mariamu, ana afya. Kuhusu kifo chako sina la kusema jipya. Habari ilinifikia umeshazikwa, maana ninyi Waislamu hamchelewi kuzika. Nilikaa nje mpaka chai ikapoa, kisha nikaenda kupogoa mti ambao haukuhitaji kupogolewa.

Sasa kanda. Acha nianzie mbali, ingawa uliyajua yote, kwa sababu napenda kuyapitia tena.

Ule ukame wa mwaka sitini na sita, yule Mzungu wa kamera alikuja Kyuso akaomba kukaa mtoni. Mimi nilikuwa mwalimu msaidizi, nikaajiriwa kumtafsiria, na kwa kuwa mkono wangu haukutetemeka nikapewa pia fimbo ndefu yenye maikrofoni niishike. Tulidhani atatuambia tuigize. Hakutuambia kitu. Aliweka kamera mbele ya visima tulivyochimba kwenye mchanga, akasubiri. Siku ya tatu mama yako aliuliza kama huyo mtu ni mgonjwa.

Alichokuwa akisubiri nilikielewa baadaye. Mifugo ya kijiji kizima ilisimama ukingoni, imechanganyika, ina kiu, na kila kisima kilikuwa na ua wake wa miiba na hori lake la mti. Mwenye zamu alipomaliza kujaza hori, alipiga mluzi wake. Ni mbuzi wake tu waliotoka kwenye lile kundi. Wengine walibaki, masikio yamesimama, wakingoja mluzi wao. Wewe ulikuwa na mluzi uliopanda mara mbili, kisha ukashuka na kuburuta mkia. Baba yako alikukataza kuupiga nyumbani, akisema unaita mashetani. Mtoni alikuwa akiuitikia kwa kichwa, nilimwona.

Mzungu aliposikia ule mluzi na kuona mbuzi wako wakijitenga na wenzao, alikaa chini kwenye mchanga. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema filamu yake amekwisha kuipata.

Mwaka uliofuata ng'ombe wetu wakaisha, baba akatuhamishia huku Kilungu kwa ndugu za mama, na filamu ikaenda kwao Ulaya. Kwa miaka mingi niliiona mara moja tu, katika gazeti kuukuu la mambo ya sinema. Waliandika kwamba ni filamu isiyo na maneno, kwamba ilionyeshwa kwenye majumba madogo, kwamba nakala zake ni adimu. Kulikuwa na picha ndogo. Nilikutambua kwa namna unavyosimama mguu mmoja ukiuegemeza mwingine.

Kisha ukapata kiharusi. Zainabu alikuwa wa miaka mitatu. Ulipokuja kunitembelea, mdomo wako upande mmoja ulikuwa umelegea, na jambo lililokuuma halikuwa mkono wala mguu. Ulisema, "Huyu wa mwisho hatanisikia nikiita mbuzi. Wengine wote walinisikia." Ukaniuliza kama ile filamu ina sauti. Nikakuambia sauti niliishika mimi kwa mkono wangu. Ukasema, "Basi itafute."

Unakumbuka kanda ya kwanza. Yule mwalimu wa kujitolea kutoka ughaibuni aliyefundisha hapa aliitafuta kwao akaniletea. Niliibeba hadi Tawa kwa Mutuku, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na jumba la video na jenereta. Picha zikaja bila rangi, zinapanda juu kama maji yanayochemka. Mutuku akanieleza kwamba nchi nyingine hurekodi kwa mfumo wao na mashine zetu haziusomi. Alikuwa na rafiki Nairobi wa kuigeuza. "Niachie, Mwalimu. Utaipata imetakata."

Ilitakata kweli. Mchanga ulikuwa mweupe, miiba ilihesabika. Nikakuita, ukaja safari yote ile na fimbo yako, tukakaa kwenye benchi la mbele. Mbuzi wakatokea ukingoni. Na hapo, kwa sauti ya juu kabisa, kwaya ya kanisa la Mutuku ikaanza kuimba, na kinanda, na kina mama wa sauti ya kwanza wakipaa. Waliimba kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nilimtazama Mutuku. Alikuwa ameridhika kama mtu aliyemchinjia mgeni mbuzi. "Mwalimu, hiyo kanda yako ilikuwa na ubovu. Watu hawasemi, muziki hakuna. Nimekurekebishia na kwaya yetu, na sikudai kitu."

"Na ile ya kwanza iko wapi?"

"Ile mbovu? Tumerekodia harusi ya Ndunge."

Nilitaka kusimama. Wewe ulinishika goti. Kwenye kioo ulikuwa kijana, vidole viko mdomoni, mashavu yamejaa, na mbuzi wako wanateremka mmoja mmoja huku kwaya ikiwaimbia habari za wokovu. Ukacheka kwa nusu ya mdomo uliyobakiwa nayo, machozi yanatoka, ukasema, "Mwalimu. Wamenibatizia mbuzi."

Nilicheka mpaka Mutuku naye akacheka bila kujua kwa nini. Ulitaka irudishwe nyuma, ukaitazama tena. Kwa hiyo macho yako yaliiona, na hilo nalishukuru. Lakini ulipokuwa ukipanda gari la kurudi uliniambia, "Mluzi uko chini ya hiyo kwaya. Tafuta ile ambayo hawajaimba."

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kama mtu mzima. Nilijifunza majina ya mifumo ya video kama nilivyojifunza zamani majina ya mito ya dunia. Niliandika kwa maktaba, kwa vyama vya sinema, kwa watu ambao majina yao niliyapata nyuma ya vitabu. Mmoja alinitumia kanda iliyonakiliwa kutoka nakala ya nakala. Nyuso zilikuwa madoa, mbuzi kama mawe yanayotembea, na sauti ilikuwa ya mvua juu ya bati. Sikukuambia habari ya hiyo. Mwingine alinijibu kwamba filamu kama hiyo haipo. Nilimjibu kwa adabu kwamba nilikuwapo.

Mwaka jana, miezi michache baada ya kifo chako, nilipata jibu la mjane wa yule Mzungu. Kumbe naye alikwisha kufa. Filamu yenyewe bado iko, katika hifadhi ya nchi yao, na mama huyo alikuwa tayari kuinakilisha moja kwa moja kutoka kwenye mikanda yake ya asili. Aliniuliza nahitaji nini. Nilimwandikia mfumo unaosomwa na mashine zetu, aina ya kanda, urefu wake, kisha nikaongeza mstari mmoja: tafadhali waambie wasitie muziki wowote. Alinijibu kwamba alicheka kidogo, halafu akaona pengine nina sababu.

Kanda ilifika Oktoba. Kabla ya kitu chochote nilichukua kisu nikavunja kile kijino cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda. Kikishavunjika, mashine inakataa kurekodi juu yake. Hakuna harusi itakayoingia humo.

Nikamwandikia Zainabu, naye akaja Jumamosi iliyopita. Usingemtambua kwa jinsi anavyojibeba. Anafundisha watoto wa chekechea pale Kyuso na ameshika desturi ya kuuliza swali kisha kungoja jibu kwa mikono nyuma. Tulikwenda Tawa. Mutuku ana mvi sasa, na alikuwa ameshawatoa vijana waliokuwa wakitazama filamu za mateke. Akawasha jenereta, akanikabidhi kidhibiti, akarudi nyuma mpaka ukutani. "Leo sishiki kitu, Mwalimu. Usije ukasema."

Picha ikaja. Omari, ni nzuri. Naweza kuona alama za vidole vya mama yako kwenye udongo wa hori. Hakuna anayesema. Kata inakwangua chini ya kisima, maji yanamiminwa, inzi anapita karibu na maikrofoni yangu. Zainabu alikaa wima. Nilijua dakika inakuja, nikashindwa kumtazama, nikatazama mikono yangu.

Ukapiga. Ukapanda mara mbili, ukashuka, mkia ukaburuta juu ya mchanga wote ule. Mbuzi wako wakainua vichwa.

Zainabu hakulia. Alikunja uso kama mtu anayetafuta jina la mtu, akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasikiliza tena. Kisha akasema, "Huo naujua."

Nikamwambia haiwezekani, alikuwa mdogo mno.

"Ni mama," akasema. "Mama huita mbuzi hivyo kwa sauti. Uu, uu, oo. Kila jioni. Nilidhani ni wake." Akaimba kwa sauti ndogo, kupanda mara mbili na kushuka. Mutuku kule ukutani akanong'ona jina la Mungu. Ulikuwa mluzi wako, umevuliwa vidole tu.

Nimelifikiria jambo hilo wiki nzima. Ulipolegea mdomo, mbuzi wako walibaki mtoni bila wa kuwaita, na hawakumjali mwingine. Mariamu hakujua kupiga mluzi. Akauchukua wako akauimba, na mbuzi wakakubali, na watoto wao wakaukuta, na wajukuu wao. Ulikuwa ukikaa mlangoni jioni ukimsikia, na hukuwahi kuniambia. Labda hukuona kwamba ni kitu cha kuambiwa mtu. Wewe ulitaka Zainabu akusikie, na kwa miaka yote hiyo alikuwa amekusikia kabla ya kila chakula cha jioni. Mimi nilikuwa naandikia Ulaya.

Sijutii barua hata moja. Bila kanda asingejua ni wako. Alisema atakaporudi ataketi na mama yake, amwambie amejua. Nadhani Mariamu atajifanya hana habari.

Ameondoka na kanda. Nilikuwa nimemwomba Mutuku atoe nakala moja ya kubaki nami, na akaitoa mbele ya macho yangu, mikono imetulia, hakuweka hata kinanda. Zainabu alitaka niende naye. Alisema mtoni siku hizi kuna kisima cha pampu na hori la saruji, na mbuzi wote hunywa wakati mmoja bila kungoja kuitwa, isipokuwa wenu. Alisema nyumba ina nafasi, Mariamu ataniandalia kitanda, nitalala usiku mmoja nione kaburi.

Nilimwambia nitafikiri, nikafikiri. Katika filamu mimi sionekani. Lakini jua lilipokuwa nyuma yangu, kwenye kona ya kushoto, kipo kivuli cha mtu aliyeshika fimbo ndefu, kimelala juu ya mchanga hadi karibu na miguu yako. Nilisimamisha picha nikakitazama sana. Kimetulia vizuri. Kinaonekana kama kitu cha pale, kuliko nitakavyoonekana mimi sasa.

Pumzika, Omari. Nakuahidi kwamba kila mvua za Novemba zikifika, nitashuka Tawa, goti likubali likatae, Mutuku awashe jenereta, nikusikilize mpaka mwisho bila mtu kuimba. Nikishindwa kutembea, Zainabu ameahidi kuwafundisha watoto wake wito wako. Hapa Kilungu nina michungwa, na kaburi la mke wangu, na benchi la mbele la Mutuku. Yanatosha, na nimeridhika.

Kyuso sitarudi.

Nduguyo,
Nzioka