Mpangaji wa Kukaa

Mutheu mjukuu wangu,

Habari za huko mjini Wote? Huku Matinyani tuko wazima. Mbaazi zimekubali, na kikohozi kimemwachilia babu yako, sasa anabishana na kila mtu.

Umeniuliza kama umtoe yule mpangaji wako, mama muuza mboga, kwa ploti yako ya vyumba, uingize wafanyakazi wa kaunti wanaolipa kodi kubwa.

Nilipokuwa msichana nikishona nguo Kitui mjini, nilitafuta chumba kwa Bi Zuhura, mwenye ploti karibu na msikiti. Kilibaki kimoja tu. Tukiwa mlangoni, karani mmoja wa serikali akafika na suti safi, akasema atalipa zaidi yangu. Nikaanza kuondoka.

Bi Zuhura akaniita nirudi, akamwambia yule karani, "Baba, serikali ikikuita kesho utahama. Huyu ana cherehani. Huyu ni wa kukaa."

Nikakaa kweli. Niliolewa nikiwa hapo, mama yako akazaliwa hapo. Kisha upepo ukang'oa mabati ya mtaa mzima. Kwa ploti za jirani watu walihama siku hiyo hiyo. Sisi wa Bi Zuhura tulibaki. Babu yako alipanda juu na nyundo, mimi nikawa nampa misumari, na hakuna aliyeomba kupunguziwa kodi.

Ongeza kodi kidogo, nyumba zimepanda kila mahali, sikukatazi. Lakini kabla hujamwambia huyo mama ahame, keti naye mlangoni pake, umuulize watoto wanasoma wapi.

Sina wasiwasi na wewe. Wewe ni mjukuu wa wapangaji.

Susu wako,
Kalunde