Jabali Tuliloliosha

Leo ni Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025, saa moja na nusu asubuhi. Anga ya Kolandoto haina wingu hata moja, upepo ni mkavu, na jua limeanza kuligusa jabali lililo nyuma ya nyumba yako. Wewe ungeiita siku ya kazi.

Mama Nelly, mwaka mmoja umetimia tangu ulipotutoka. Tunakuandikia wewe, Hosiana binti Bujiku, lakini tunataka majirani nao wasikie, kwa sababu tulikukosea, tukaacha uongo uaminike mbele yao. Nelly, binti yako wa kwanza, ndiye anayeshika kalamu, kwa kuwa alisomea ununuzi na ugavi chuoni. Tumekubaliana ajitaje kwa jina kama sisi wengine, baba yake na shangazi yake.

Ulianza na beseni moja. Ulichemsha viazi vitamu, ukavimenya, ukavikata, ukavianika jabalini mpaka vikawa matobolwa, kama mama yako alivyofanya. Yeye alianika ili watoto wasilale njaa miezi ya Januari na Februari. Wewe ulianika ili uuze. Ulipanda basi hadi stendi ya Kahama, ukawauzia wachimbaji wanaokwenda Bugarama na Geita, kwa sababu, ulisema, mtu anayeshinda shimoni anahitaji chakula kisichochacha mfukoni.

Kabla ya kufunga mfuko uligonga kipande kwenye jiwe na kusikiliza. Kikilia kama kokoto, kimekauka. Kisipolia, kinarudi juani. Wachimbaji walikuona ukigonga, wakakupa jina la Mama Kokoto.

“Mama Kokoto, haya yatanivunja meno,” alisema mmoja wao, siku Nelly alipokusindikiza.

“Meno yenyewe unayatunza ya nini, baba? Ya kung'atia dhahabu?”

Alicheka, akanunua mifuko minne. Nelly alicheka pia, lakini alisimama hatua tano kutoka kwenye beseni, ili wanafunzi wenzake wakipita wasijue kwamba yuko nawe. Uliona. Ulimwita aje akushikie chenji, naye akajifanya anapokea simu.

Kila ulipotimiza jambo ulijiwekea lingine kubwa zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2023 ulichukua mkaa ukaandika kwenye mlango wa ghala: Magunia kumi kwa mwezi. Kantini mbili. Wanawake kumi na wawili. Chini yake uliweka tarehe: 31 Desemba 2023.

“Mama Nelly,” mumeo Januari alikuuliza, “hilo ni ghala au ubao wa shule?”

“Ni shule, Baba Nelly. Na wewe umeshachelewa namba.”

Tulicheka sote. Hakuna aliyekuuliza magunia kumi yangepatikanaje, ingawa wewe ulikuwa na jibu. Ulijua kipande kinahitaji jua la siku nne. Ulijua jabali letu, likianikwa vizuri, linatoa magunia mawili na nusu kwa wiki. Wanawake uliwapata kabla ya Pasaka, wakiongozwa na Violeth, jirani yako. Zilibaki kantini.

Ukamtafuta Bi Mumtaz, mfanyabiashara wa Kahama anayepeleka vyakula kwenye kantini za wachimbaji. Ulikwenda dukani kwake mara tatu. Mara ya tatu alionja, akasema atakuja kuona kwa macho yake mnavyokausha, kisha ataamua. Mlipatana Jumatano moja ya mwezi Juni.

Asubuhi hiyo uliondoka saa kumi na mbili kwenda Shinyanga mjini kuchukua lebo za mifuko. Ulisimama mlangoni na khanga yako ya safari, ukasema neno moja tu: “Jabali msiliguse.”

Tukaligusa.

Scolastika, wifi yako, alitoka nje, akayaona matobolwa yametandazwa jabali zima. Sisi hapa mgeni wa heshima akitarajiwa, uwanja hufagiwa, kuku huchinjwa, na chakula cha njaa huondolewa machoni. Tumelelewa hivyo.

“Mgeni atoke Kahama na gari lake,” alisema, “aje akute chakula cha njaa kimeanikwa kama nguo? Atasema kaka yangu hana mchele.”

“Mama Nelly kasema tusiguse,” alijibu Januari, lakini turubai alikuwa ameshalishika.

Wakamgeukia Nelly. Alikuwa amerudi likizo siku mbili kabla, na ndiye aliyekuwa na elimu ya mambo hayo. Alijua kuwa mnunuzi hukagua jinsi kitu kinavyotengenezwa. Alikuwa ameandika hivyo kwenye mtihani na kufaulu. Lakini alilitazama jabali akaona aibu ile ile ya stendi. Akasema, “Shangazi yuko sahihi. Tuyatoe.”

Yalikuwa ya siku mbili, yana joto la jua na maji ndani. Tuliyajaza kwenye magunia, tukayarundika ghalani, tukayafunika kwa turubai. Kisha tulilimwagia jabali ndoo sita za maji, tukalisugua. Tulipika wali na kuku wa kienyeji. Tulijiona tumekufanyia jambo jema.

Bi Mumtaz alifika saa saba mchana. Wewe ulifika dakika chache baadaye, na bahasha ya lebo kwapani. Hatutausahau uso wako ulipoliona jabali, jeusi kwa maji.

“Mama Nelly, nimekuja kuona mnavyokausha,” Bi Mumtaz alisema. “Mbona naona mahali pa kufulia?”

Ukampeleka ghalani, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kumpeleka. Akaingiza mkono kwenye gunia, akautoa umelowa. Akanusa.

“Haya yametoa jasho. Siwezi kumpa mtu chakula hiki aingie nacho shimoni. Nani kayafunga hivi?”

Tulikuwepo watatu nyuma yako. Scolastika alikuwa na sahani ya wali mkononi. Januari alitazama kofia yake. Nelly alijifanya anasoma simu yake.

“Kosa ni langu, Bi Mumtaz,” ulisema. “Unisamehe kwa kukupotezea muda.”

Hakula. Aliondoka. Matobolwa yaliota ukungu, na wale wanawake kumi na wawili uliwaambia maneno yale yale, kwamba kosa ni lako. Nelly alikuuliza kwa nini hukututaja. Ulikuwa unamwaga magunia kwenye shimo la taka, hukuinua hata kichwa.

“Yule ni mgeni,” ulisema. “Ninyi ni wangu.”

Mwezi Januari uliofuata ulichukua kitambaa na kipande cha mkaa, ukaenda kwenye mlango wa ghala. Ulifuta tarehe, ukaandika nyingine ya Desemba 2024. Namba uliziacha.

“Mama, si ungepunguza magunia kidogo?” Nelly alikuuliza.

“Magunia yamekosa nini? Kilichokosea ni tarehe.”

Ukaanza kukusanya mbegu za viazi, ukamtumia Bi Mumtaz salamu, ukajengesha vichanja viwili vya kuanikia. Ugonjwa ulikukuta kazini mwezi Juni, na wiki tatu baadaye hukuwa nasi.

Sasa tunafika pale ambapo imetuchukua mwaka mzima kufika. Siku ya mazishi yako wasifu wa marehemu uliandikwa na Nelly. Ndani yake kulikuwa na sentensi hii: “Alijaribu biashara ndogo ya vyakula vya asili, lakini haikuendelea kwa sababu ya ubora.” Ilisomwa mbele ya watu zaidi ya mia mbili. Violeth na wenzake walikuwa mstari wa mbele. Januari aliisikia. Scolastika aliisikia. Hakuna aliyesimama. Tangu hapo, mtu akitaka kumkatisha tamaa mwanamke wa hapa anayepanga jambo kubwa, humwambia, “Utaishia kama Mama Kokoto.” Tumekuwa tukipita hapo kimya.

Sentensi hiyo ni ya uongo. Ubora wako ulikuwa mzuri. Ulipanga jambo kubwa, ukalipigia hesabu sahihi, na sisi watatu tukaliharibu asubuhi moja kwa sababu tulikuonea aibu. Kisha tukakuachia lawama, ukiwa hai na ukiwa kaburini. Hatuombi majirani watuhurumie. Tunaomba waache kusema lile neno.

Tunakukumbuka ulivyogonga kipande na kuinamisha sikio. Tunakukumbuka ulivyomwita kila mchimbaji baba, hata mwenye miaka kumi na minane. Siku zetu zote utakuwa mioyoni mwetu, na hatutanyamaza tena jina lako linapotajwa vibaya. Wabeja, mayu; asante, mama.

Haya yanaongezwa saa kumi jioni, baada ya ibada ya kumbukumbu. Jua lingali kali.

Januari Masalu, mumeo, aliusoma waraka huu kwa sauti, akiwa amesimama bila kofia. Alirudia mara mbili pale panapohusu turubai.

Scolastika, wifi yako, hakupika wali. Aliwapa wageni matobolwa tuliyoyaanika wenyewe, kwenye sinia, akianzia na wale wa mstari wa mbele. Walipomuuliza ni nani aliyemwaga maji jabalini, alisema, “Mimi, na ndoo nilibeba mwenyewe.”

Violeth alipokea kipande. Alikula, akavua viatu, akapanda jabalini kugeuza vipande vilivyokuwa vinaanikwa.

Bi Mumtaz, ambaye tulimwandikia ukweli wiki mbili zilizopita, alikuja bila kuahidi chochote. Alichukua kipande, akakigonga kwenye jiwe, akasikiliza. Aliondoka na mfuko mmoja, akasema atakuja tena Jumatano, asubuhi, na jabali lisiguswe.

Nelly alikwenda kwenye mlango wa ghala na kitambaa na kipande cha mkaa. Alifuta tarehe, akaandika nyingine. Namba aliziacha.