Kiota cha Barawai Chini ya Roshani ya Bi Zuhura

Tudor, Mombasa
Jumatano jioni

Mama Mghoi, mke wangu,

Kabla sijasema lolote, niambie: miguu imepungua kuvimba? Usingizi unaupata? Huyo aliye tumboni bado anakupiga mateke kila ukiinama kuwasha moto? Na Mghoi, kikohozi kimemwacha? Najua karatasi haijibu, lakini nauliza hivyo hivyo, maana nikinyamaza nitapasuka. Mimi ni mzima, ila kidole gumba cha kushoto nimekigonga kwa nyundo jana, na kosa ni langu, utaona huko mbele.

Nilikuambia Jumapili nitakuwa hapo nikuchukue nikushushe Voi kwa shangazi yako, ujifungue karibu na hospitali. Jumapili imepita na mimi niko Mombasa. Nimepiga simu ya dukani kwetu mara tatu; inalia kama inayolia ndani ya mtungi, kisha inakatika. Najua mfuko umeufunga tangu Ijumaa. Najua ukiulizwa unajibu, "Baba Mghoi yuaja." Hilo ndilo linaloniuma. Hasira zako siziogopi, nimezizoea. Naogopa mvua.

Huku masika yanabisha hodi, Mama Mghoi. Kaskazi imekufa, bahari imelala kimya, na joto hili hata shati ni mzigo. Ule mkungu ulio kwenye njia yangu ya kazini, pale Makadara, uliangusha majani yake yote mekundu kwa wiki moja, na sasa umevaa mapya mabichi, laini kama sikio la mtoto. Mwarobaini ulio nyuma ya vyumba vyetu umechanua mpaka chini ni kweupe. Jongoo wanapanda ukuta, kerengende wanazunguka juu ya mtaro. Kule kando ya maji, mnana wamening'iniza viota kwenye mnazi mmoja, na kuanzia alfajiri ni kelele tu kama bombani siku ya shida ya maji. Na kunguru, laana wale, wameniibia waya wangu wa kufungia miti ya jukwaa! Wamejengea nyumba nzima juu ya nguzo. Fundi Athmani, msimamizi wetu, alicheka mpaka akakaa chini. "Mtaita, leo umepata fundi mwenzio!"

Mwaka mwingine ningekuandikia haya ucheke. Mwaka huu kila kiota ninachokiona kinanichoma, kwa sababu mvua ikifika hapa, huko juu nako haichelewi, na barabara yetu unaijua ikishanywa maji. Sikutaka kuandika habari ya miaka miwili iliyopita, lakini nitaiandika. Gari lilikwama, wakakubeba juu ya mlango wa jikoni, mvua inakupiga usoni, na mimi nilikuwa huku nikipiga randa milango ya watu. Habari ilinifikia mtoto ameshazikwa. Sikumwona sura. Ndiyo maana safari hii nilikuambia usishuke na mtu yeyote isipokuwa mimi, na nikakuapisha mbele ya mama yako. Nilitaka kwa mara moja niwepo.

Sasa nikueleze kilichonizuia, na naomba usicheke, au cheka, potelea mbali.

Kazi yetu iko Mji wa Kale, nyumba ya Bi Zuhura. Mumewe alifariki mwanzoni mwa mwaka, naye yuko eda: miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani, wala haonekani na mwanamume asiye wa damu yake. Nimefanya kazi hapo wiki sita na sura yake siijui. Naijua sauti yake tu, inatoka nyuma ya mbao za kimia, zenye matundu madogo, za roshani ya juu.

Roshani hiyo ndiyo kazi yenyewe. Imebebwa na boriti tatu, na ya kati imeliwa na mchwa, imebaki ganda. Nikaishikilia kwa nguzo za muda kutoka chini, nikizikaza kwa kabari. Chini yake ni uchochoro, watu wanapita mchana kutwa, watoto wakienda chuoni kusoma Kurani. Nguzo nimezipanga mimi. Fundi Athmani goti lake halimruhusu ngazi, na wengine ni watu wa chokaa, mbao hawazijui. Zikiteleza, ni roho za watu.

Siku niliyopanda kuitoa ile boriti ya kati, nikasikia sauti kutoka kwenye kimia. "Fundi, usimguse barawai wangu."

Barawai ndiye mbayuwayu wetu. Alikuwa amejenga kiota cha udongo chini ya boriti hiyo hiyo, kwenye pembe. Bi Zuhura akaniambia marehemu hakuruhusu kivunjwe hata mwaka mmoja, na kwamba tangu aondoke, hao ndio pekee wanaotoka na kurudi katika nyumba ile. "Niahidi, mwanangu."

Na mimi na mdomo wangu! Nikatoa kioo changu cha kunyolea, nikakiinua juu ya kiota, nikaona vitu vya mviringo gizani. Nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Makinda hayo, Bi. Siku kumi yataruka. Nakuahidi sigusi boriti mpaka yaruke."

Yalikuwa mayai, Mama Mghoi. Mimi niliyekulia juu ya miti nikichungulia viota, nimeshindwa kutofautisha yai na kinda! Siku kumi zikaisha, mayai ni mayai. Yameanguliwa Alhamisi iliyopita, makinda matatu, uchi kama vidole, na kuruka kwao ni wiki tatu nyingine.

Fundi Athmani akawaka. "Vunja hicho kitu, mvua yaja! Na ukitoroka ukaniachia nguzo hizi, zikianguka, damu iko shingoni mwako." Kweli tupu. Bi Zuhura kumhamisha haiwezekani, eda haijaisha. Boriti kuitoa haiwezekani, kiota kimeshika chini yake na neno nimeshalitoa. Kuondoka haiwezekani, nguzo ni zangu. Na habari zako sikumwambia mtu. Unanijua, sipendi watu wajue ya ndani kwangu. Kiburi cha kijinga hicho, na nimekilipia.

Jana asubuhi mvua ya kwanza ikaanguka, ya dakika chache tu. Nikaona maji yanapita kwenye miguu ya nguzo, moja ikasogea upana wa kidole. Nikapanda nikaanza kuzigonga kabari kama mwenda wazimu, nikawa nakuwaza wewe, nawaza ule mlango wa jikoni, na nyundo ikatua kidoleni. Nikatukana Kitaita, tusi zima, na mama yangu asijue.

"Fundi, mbona wazipiga kabari kana kwamba zimekutukana?"

"Si kitu, Bi."

"Si kitu hakimfanyi mtu mzima kupiga kelele hizo. Una n'ni?"

Nikamwambia. Pale pale juu ya ngazi, uso kwenye kimia, damu inatoka kidoleni, nikamwambia yote: mimba, Voi, barabara, na yule wa miaka miwili iliyopita.

"Na siku zote hizi umenyamaza? Astaghfirullahi! Mke wa mtu yuko karibu kujifungua, nawe wachunga nyuni!"

"Nilikuahidi, Bi."

"Sikujua una dharura. Ahadi yako nimekurudishia. Vunja."

Nikachukua patasi. Nikafika pale, na yale makinda yakasikia mtikisiko, yakafumbua midomo yote mitatu, yakidhani nimeleta chakula. Nikaishusha patasi. Nilijilaani, nikailaani na kaskazi iliyoniletea ndege hao. Halafu akili ya ufundi ikanirudia: nani kasema lazima kiota kitoke kwenye boriti? Kitoke na kipande cha boriti!

Fundi Athmani alinung'unika, lakini akasahau goti lake, akapanda jukwaani akakishika kiota kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto lililojaa. Mimi nikaikata boriti upande huu, nikakata upande ule, polepole, msumeno wenye meno madogo. Nikakitundika kipande na nyumba yake kwenye boriti ya pembeni, hatua mbili tu kutoka pale, karibu na kimia.

Kisha tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo. Wazazi walirudi, na unajua walikwenda wapi? Pale pale pa zamani. Wakawa wanapigapiga mbawa hewani mahali pasipo na kitu, wanalia, wanaondoka, wanarudi tena pale pale. Makinda yanawaita hatua mbili kando na hawaangalii. Kunguru akaja akatua kwenye paa la jirani, akatulia anawatazama. Fundi Athmani, yeye yule aliyetaka kivunjwe, akawa anamtupia vipande vya chokaa na kumtukania ukoo. Saa nzima. Saa ya pili. Hakuna aliyefanya kazi. Nyuma ya kimia nasikia Bi Zuhura anasoma dua.

Halafu yule jike, kwa kuchoka au kwa Mungu, akageuka, akaona midomo. Akaingia. Fundi Athmani akapiga makofi, "Haya, kazi, kazi! Mwatazama n'ni?" Na huko ndani nikasikia mama wa watu analia kwa sauti.

Baadaye akaniita. "Na mkeo yuko wapi saa hii?"

"Nyumbani, Bi, mlimani. Ananingoja."

"Kwani hapana mtu wa kumshusha?"

"Wapo. Ndugu yake yupo, mama yake yupo. Lakini nilimwapisha asishuke bila mimi."

Akasema, taratibu kabisa, "Basi hapo barawai wangu hana kosa. Wewe ndiye uliyemfunga mkeo."

Mama Mghoi, afadhali angenipiga kofi. Usiku wote nimeigeuza hiyo kauli, na sipati pa kutokea. Mwaka ule sikuwepo, nikaona dawa ni kukulazimisha uningoje. Nilidhani nakufikiria wewe, kumbe nilikuwa nafikiria aibu yangu. Nisamehe.

Boriti mpya, ya mbambakofi, imeingia leo mchana. Chokaa inahitaji siku mbili ishike ndipo nitoe nguzo. Jumamosi nazitoa kwa mikono yangu na jioni napanda basi. Barua hii anaileta Mwadime, jirani yetu, anayeondoka kesho alfajiri. Nimempa na dawa ya kikohozi ya Mghoi, na leso mbili, moja ya mbeleko. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asitoke hapo mpaka umalize kusoma.

Mama yangu mzazi msalimie, mwambie kuni amtume mtu mwingine, si wewe. Mama yako, mkwe wangu mheshimiwa, mpigie magoti kwa niaba yangu. Mwambie kile kiapo nilichokulisha mbele yake kilikuwa cha mtu mwoga. Shemeji yangu, ndugu yako, mwambie atafute gari lenye tairi nzima, asiniletee lile la mwaka ule. Shangazi wa Voi mwambie naja kumlia chakula chake. Fundi Athmani, anayejifanya mkali, anakusalimu. Na Bi Zuhura, ambaye hata nikikutana naye mwakani barabarani sitamjua, anasema anakuombea kila sala. Mghoi mbusu utosini.

Sasa nisikilize. Kiapo nimekitengua. Ukimaliza mstari wa mwisho, usikae ukawaza, usiseme ngoja Jumapili. Chukua mfuko, mwite ndugu yako, shuka leo hii kabla mvua haijashika. Maumivu yakianza njiani, nenda moja kwa moja hospitali, usipitie kwa shangazi. Mtoto akija kabla yangu, mpe jina unalolitaka. Jumapili nitapanda kwanza mlimani kuhakikisha umeshuka, nikute mlango umefungwa kufuli, na hakuna mwanamume mlima mzima atakayekuwa na furaha kama mimi siku hiyo, nimesimama mbele ya nyumba yangu isiyo na mtu.

Mumeo, mwenye hofu na mapenzi,
Baba Mghoi